Fundi Tu

Uliona. Usiniambie hukuona. Ulikaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, umevaa koti lako zuri, na mbele yako akapita kijana aliyekumbatia mashine kifuani kama mtu anayekimbiza mtoto hospitali. Jasho lilikuwa linamtoka, Njombe, mwezi wa saba, wakati maji ya ndoo yanaamka na ganda la barafu. Ukasikia alivyoitwa. Ukaona uso wake ulivyoshuka. Halafu ukainamia simu yako, ukajifanya kuna ujumbe umeingia.

Hakukuwa na ujumbe. Mimi nakumbuka.

Nakumbuka na yaliyotangulia, kwa hiyo leo kaa, nikusimulie tangu mwanzo. Utaisikiliza kama hadithi ya mapenzi, kwa sababu ni hadithi ya mapenzi. Aibu iliyomo tutagawana.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, Makambako. Pale barabara ya Songea inapoachana na ya Tunduma, malori yalikuwa yanapumua breki, wauza parachichi wanainua ndoo hadi kwenye madirisha ya mabasi, na kila spika ina wimbo wake. Nyuma ya stendi kulikuwa na yadi ya chuma chakavu. Humo kila kitu kilichowahi kuwa na thamani kiliuzwa kwa kilo: rimu za baiskeli, vitanda vya chuma, masufuria yaliyotoboka, na siku hiyo rundo la kompyuta kumi na nane kutoka ofisi fulani. Vibandiko vya namba za mali ya ofisi bado vilikuwa ubavuni mwake. Zilikaa stoo miaka sita kwa sababu hakupatikana mtu wa kusaini ziende shuleni. Wa kusaini ziende mzani alipatikana.

Oktavia Mgaya aliinama mbele ya rundo lile akiwa na koti la mtumba la rangi ya damu ya mzee, skafu ya njano shingoni, na viatu vya kisigino kifupi vilivyokuwa vinazama kwenye matope ya kutu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha binafsi Njombe mjini. Akashika mashine moja nyeusi, akavuta. Mashine ikagoma. Kumbe upande wa pili kuna mkono mwingine umeishika.

"Dada, hiyo nimeshaiweka," mwenye mkono alisema.

"Umeiweka wapi wakati ipo chini?"

"Nimeiweka moyoni."

"Basi itoe huko, mimi naitoa hapa."

Kijana akacheka. Ovaroli yake ilikuwa na mafuta hadi magotini, na kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi, ila macho yake yalikuwa safi na ya utulivu. Jina lake Odilo Haule, mtu wa Ludewa. Jumamosi alipima chuma pale yadi. Siku nyingine alikuwa Njombe, mtaa wa Mjimwema, akitengeneza redio na simu za watu.

"Ukiendelea kuing'ang'ania nitawapima wote wawili," alisema.

"Kwani mimi chuma?"

"Hapana. Wewe mzani wetu hauwezi. Huu unapima vilivyochakaa."

Oktavia alitaka kununa, mdomo ukakataa, ukatabasamu wenyewe.

"Naitaka kwa kazi, kaka. Nafundisha seva."

"Seva!" Odilo akavua kofia kama yupo kanisani. "Kumbe naongea na mwalimu. Haya mwalimu, nieleze mimi mtoto wa shule, hii inakubali kuongezewa ramu hadi ngapi?"

Oktavia alianza kufuta vumbi kwenye mashine. Muuza mihogo aliyekuwa jirani akageuka kusikiliza. Damu ilimpanda mwalimu hadi masikioni, kwa sababu ukweli ulikuwa huu: alikuwa anafundisha seva, kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, mwaka wa pili sasa, kwa chaki, kwa michoro ya ubaoni, kutoka kwenye madaftari aliyonakili alipokuwa mwanafunzi. Chuo alichosoma hakikuwa na seva. Chuo alichofundisha hakikuwa na seva. Hajawahi kugusa hata moja. Alikuja Makambako, kilomita sitini, ili mtu wa Njombe asimwone akinunua ya kujifunzia.

Odilo aliona. Na hapa ndipo nakutaka usikilize vizuri, wewe wa kiti cha tatu. Aliona aibu ya mtu, akaisitiri. Hakumtazama usoni. Aligeuza mashine ubavu, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akasema kwa sauti ya kumfikia na muuza mihogo: "Nafasi nne za ramu, kumbukumbu yake, hizi hapa. Ukijaza zote inafika giga thelathini na mbili, na prosesa, ubongo wake, inaweza kugawa mashine moja ikawa nyingi. Kama mwalimu alivyotaka kusema."

Kama mwalimu alivyotaka kusema. Oktavia alirudi Njombe na mashine mapajani, na maneno hayo yakawa yanamtembea tumboni njia nzima kama chai ya tangawizi.

Jumatatu, mashine ilipokataa kugawanyika, alipiga namba aliyopewa yadini.

"Hujambo? Naomba Odilo."

"Odilo yupo chini ya meza," sauti ya mama mtu mzima ilijibu. "Amelala na vifaranga."

"Na... nani?"

"Vifaranga, mwanangu! Wewe ndiye mwalimu? Kamwene, habari zako! Njoo Mjimwema, nyumba yenye geti la mabati mapya. Njoo na sweta."

Mama Prisila, mwenye nyumba, alikuwa mjane, mtu wa kigango cha kanisa, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha majirani. Odilo alipanga kwake chumba kilichokuwa stoo ya viazi. Humo ndani, juu ya meza ya mbao za paini, kulikuwa na kompyuta tatu za chakavu zilizounganishwa kwa waya, feni zikinguruma taratibu, betri ya gari chini kwa ajili ya umeme unapokatika. Na nyuma ya mashine, pale hewa ya moto inapotokea, palikuwa na boksi la sabuni lenye vifaranga kumi na wawili wa siku nne, wamejibanza, wamesinzia.

"Mkaa unawaua kwa moshi," Mama Prisila alieleza. "Hii mitambo ya Odi inatoa joto zuri, haina moshi. Kodi yake napunguza kwa sababu ya joto."

Odilo alitoka chini ya meza, nywele zina vumbi. "Mwalimu, samahani. Maabara yangu ndiyo hii. Usiniripoti."

"Nikuripoti kwa nani? Nionyeshe inavyofanya kazi."

Akamwonyesha. Akaichukua mashine ya Oktavia, akaiwasha, akabonyeza kitufe kabla haijaamka vizuri, ikafunguka skrini ya bluu ya mipangilio.

"Umesema umejaribu kuigawa imekataa," alisema. "Soma hapo."

Oktavia akasoma. Kipengele cha kugawa mashine kilikuwa kimeandikwa: kimezimwa.

"Siku zote?"

"Tangu kiwandani. Miaka yote ilipokaa ofisini walikuwa wanaandikia barua tu. Uwezo ulikuwepo, hakuna aliyeuwasha." Akauwasha. "Haya, sasa inakuwa mama. Juu ya mama tunaweka programu ya bure, na ndani yake tunaatamia mashine pepe. Moja ya kutunza mafaili, moja ya tovuti, moja ya kuharibu makusudi ujifunze kutengeneza. Kila moja inaona ina ramu yake, ina diski yake, inajiona ipo peke yake duniani. Kumbe wote wapo chini ya bawa moja."

"Kama hawa." Oktavia alinyoosha kidole kwenye boksi.

"Kama hao."

Tangu siku ile neno lao likawa vifaranga. Simu zao ungezisikia ungewaona wafugaji.

"Wameamkaje leo?"

"Wanne wazima. Wa tovuti amezimia."

"Umemfanya nini?"

"Wewe ndiye uliyemgusa jana, mpenzi, usinisingizie."

"Umeniitaje?"

"Nani?"

"Rudia, Odilo."

"Mtandao mbaya, sikusikii."

Jioni za mwezi wa nne, ukungu ukishuka kutoka kwenye misitu ya paini hadi mabatini, walikaa bega kwa bega katika stoo ile ya viazi, yeye na skafu yake ya njano, Odilo na bisibisi sikioni. Alimfundisha kutengeneza waya wa mtandao: nyuzi nane nyembamba, zipangwe kwa utaratibu, zikatwe sawa, ziingie kwenye kichwa cha plastiki, zibanwe kwa koleo.

"Sema," Odilo alimwamuru.

"Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani..."

"Koh! Umekosea. Kila mtu anakosea hapo. Macho yanataka kijani akae karibu na mwenzake. Hapana. Katikati wanakaa bluu na mwenzake, kijani anasubiri nje. Wanatenganishwa ili wapeleke ujumbe vizuri."

"Sheria gani hiyo ya kutenganisha wapenzi?"

"Si yangu. Rudia."

"Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia."

"Nani anafundisha hapa?"

"Wewe, mwalimu wangu."

Alipomwita hivyo, Odilo aliinama chini kutafuta kichwa cha waya ambacho hakikuwa kimeanguka. Alikuwa ameishia darasa la saba Ludewa, kwa sababu ambazo zinajaza wilaya nzima na wewe unazijua. Alijifunza Kiingereza kwa kusoma maelekezo ya redio. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu.

Mwezi wa sita chuo kikapata taarifa: wakaguzi wanakuja. Bila maabara ya seva kozi ingefungwa. Mkuu wa chuo, Bwana Silvanus, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kusomea risala, alimwita Oktavia ofisini.

"Nasikia una mitambo nyumbani."

"Ndiyo, mkuu. Ila..."

"Ilete. Tukipita ukaguzi, mkataba wako wa muda unakuwa wa kudumu. Nakuahidi."

Oktavia akapeleka habari Mjimwema mbio, koti halijafungwa vifungo.

"Wachukue," Odilo alisema bila kufikiri mara mbili. "Wanafunzi wako nao waione. Tutaipeleka ile kubwa yenye vifaranga wote."

"Na wewe utakuja. Nitakutambulisha mbele yao. Nitasema, huyu ndiye aliyeijenga."

"Mimi? Na ovaroli?"

"Na shati jeupe. Unalo?"

Alikuwa nalo. Siku ya ukaguzi alilipiga pasi ya mkaa mara mbili. Mama Prisila alimnyoosha kola, akajitemea mate kidogo kidoleni akamfuta majivu shavuni, kama mtoto anayekwenda komunyo ya kwanza.

Hapo ndipo wewe unapoingia. Ukumbi, viti vya plastiki, wakaguzi watatu mbele. Odilo akaingia na mashine kifuani, akaiweka, akaunganisha, akaiwasha. Vifaranga wakaamka mmoja mmoja ukutani, kwenye mwanga wa projekta. Wanafunzi wakashangilia. Oktavia akaeleza, sauti inatetemeka mwanzoni, halafu ikashika. Alieleza vizuri, nakiri. Mkaguzi mkubwa akavua miwani.

"Mwalimu, nimepita vyuo vingi sijakuta kitu kama hiki. Chakavu kimefufuka! Nani ameijenga?"

Oktavia akafungua mdomo. Akamwona Bwana Silvanus akimkazia macho. Akaona sentensi itakayofuata: kama aliyejenga ni mpima chuma wa darasa la saba, basi mwalimu miaka miwili alikuwa anafundisha nini? Aliona mkataba. Aliona kicheko.

"Ni... ni kazi ya idara yangu," alisema.

"Hongera sana. Na kijana huyu?"

Odilo alikuwa amesimama pembeni na waya mkononi, shati linang'aa. Alimtazama kwa matumaini kabisa. Hilo ndilo linalouma, alikuwa bado anasubiri kutambulishwa.

"Huyo ni fundi tu," Oktavia alisema. "Ametusaidia kubeba."

Tu. Herufi mbili.

Mkaguzi akamgeukia Odilo. "Ndivyo?"

Odilo alilaza waya juu ya meza, polepole, asiukunje.

"Kama mwalimu alivyosema," alijibu.

Akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni. Soda zilipita. Trei ilipofika mlangoni ilikuwa tupu, na hakuna aliyerudi jikoni. Ulikuwa na soda mkononi wewe. Alipoinuka akaondoka, viti viligeuka? Hata kimoja. Oktavia aliona mgongo wa shati jeupe ukiishia kwenye ukungu, akaendelea kutabasamu kwa ajili ya picha.

Jioni ile alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokelewa.

"Odi? Mpenzi, nisikilize..."

"Ni mimi," Mama Prisila alisema. Kicheko hakikuwepo. "Amehama, simu ameiacha mezani. Amekwenda kukaa Makambako moja kwa moja. Mwanangu, umemfanya nini mtoto wa watu? Ameondoka bila kunywa chai."

Oktavia alisogeza simu mbali na sikio. Alikata simu kwa aibu, na aibu ya kukata simu ikaongezeka juu ya ile ya kwanza.

Chuo kilipita ukaguzi. Bwana Silvanus akaagiza kibao: Maabara ya Mwalimu O. Mgaya. Mashine ikaingizwa kwenye kabati la vioo lenye kufuli, ufunguo akakaa nao mkuu, ili wanafunzi wasiichezee. Wageni walikuja kuitazama kupitia kioo. Kila alipopita pale Oktavia alitazama sakafu.

Kwa kuwa mikono yake ilikosa la kufanya, akaanza kufuma. Alinunua nyuzi za rangi, akafuma kitambaa jioni baada ya jioni, mistari ya chungwa, kijani, bluu, kahawia, na kati yake nyeupe. Alikuwa anafuma kwa ajili ya Odilo, akijua hana uso wa kumpelekea. Kilipokamilika hakujua akiweke wapi. Akamwomba mkuu ufunguo kwa dakika moja, akakitandaza juu ya mashine, kikashuka vizuri nyuma na ubavuni, kama tunavyofunika redio na televisheni sebuleni, kwa heshima.

Na sisi ndivyo tunavyoua vitu. Kwa heshima.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya umande mweupe, wanafunzi wakiwa wamevaa makoti na soksi mbili mbili, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa korido. Mashine ilikuwa imekufa kwa joto. Njombe! Mji ambao watu wanalala na mablanketi matatu, mashine imekufa kwa joto, imefungiwa kwenye kioo, imefunikwa kitambaa juu ya matundu yake ya kupumulia.

"Madam, vifaranga wamekufa?" Anneth aliuliza. Alikuwa mwanafunzi wa mstari wa mbele, ambaye jina lile la vifaranga alilisikia kwa Oktavia mwenyewe. "Basi tutengeneze pamoja. Tuonyeshe kama ulivyoijenga."

Darasa zima lilimsubiri. Oktavia alishika bisibisi. Alijua kuigawa mashine, kuipa amri, kuiatamisha. Kufufua chuma kilichoungua hakujua; hiyo sehemu aliiacha iwe ya Odilo, na siku zilizopaswa kuwa za kujifunza alizitumia kufuma. Akaweka bisibisi mezani.

"Sikuijenga mimi," alisema.

Akawageukia.

"Aliijenga Odilo Haule. Yule niliyewaambia wageni ni fundi tu. Nimewafundisha seva miaka miwili na kabla ya mwaka huu sikuwahi kuigusa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Yeye ni mwalimu wangu." Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye skafu. "Na alikuwa mpenzi wangu, nikamkana kwa ajili ya karatasi."

Anneth aliinamisha kichwa. "Madam, mimi nilikuwepo siku ile. Nilijua. Nilimwona akihangaika na waya tangu asubuhi. Sikusema kitu."

Unaona? Mtoto wa miaka kumi na tisa amekuzidi.

Mchana huohuo Oktavia aliandika barua ya kukiri nani aliijenga, akaipeleka na kitambaa kikiwa begani kama mtu aliyefiwa. Bwana Silvanus alisoma mara mbili.

"Mwalimu, unajivua nguo mwenyewe?"

"Nilikuwa uchi siku zote, mkuu. Nilijifunika shati la mtu."

"Barua hii ikifika kwa wakaguzi, mkataba wako siusaini."

"Nakala nimeshaituma."

Jumamosi, Makambako, nyuma ya stendi. Mvua ilikuwa imenyesha na yadi ilinuka kutu na dizeli. Odilo alikuwa anapima mabati, ameinama, aliposikia mzani mkubwa ukilia nyuma yake. Akageuka. Juu ya mzani amesimama mwanamke mwenye koti la rangi ya damu ya mzee, amekumbatia mashine iliyoungua.

"Nipime," Oktavia alisema.

Odilo aliweka bati chini. "Shuka, dada. Tunapima chakavu tu."

"Ndiyo maana nimepanda."

"Mwalimu, nina kazi."

"Usiniite mwalimu."

"Nikuite nani? Wewe una jina, lina kibao na mlango. Mimi ndiye niliyekuwa sina."

Muuza mihogo aliacha kuchoma. Wabeba mizigo wakasogea. Oktavia alipandisha sauti, hadi waliokuwa stendi wakageuza shingo.

"Jamani! Huyu anaitwa Odilo Haule! Amejenga seva kwa vyuma vya hapa hapa mnavyovipima! Amenifundisha mimi niliyesoma, na mimi mbele ya watu nikasema ni fundi tu!"

"Punguza sauti, Oktavia."

"Nilikukana kwa sauti ya kawaida. Acha nikukiri kwa kubwa."

Muuza mihogo akapiga makofi peke yake, akaona wenzake kimya, akaacha. Odilo alikuwa ameukunja uso kama mtu anayezuia chafya. Akamnyooshea mkono kumshusha, kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha chuma na viatu vyake vilikuwa vilevile vya kisigino.

"Leta hiyo mashine." Akaiweka kwenye pipa, akafungua, akanusa. "Ubao umeungua. Nani aliyeifunika?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka isisikie baridi. Nilitaka... sijui nilitaka nini. Nilikufumia." Akatoa kitambaa mkobani. Pembeni kilikuwa kimebadilika rangi kwa moto. "Vifaranga wamekwisha, Odi?"

"Asubuhi ile kabla ya kuibeba niliwanakili wote. Wapo Mjimwema, kwa Mama Prisila, kwenye diski ya akiba. Kitu ambacho huna nakala yake..." Akawa anapitisha kidole juu ya mistari ya kitambaa, mmoja mmoja, midomo inahesabu. Akafika wa nne, kidole kikasimama.

"Nini?" Oktavia aliuliza.

"Umeweka kijani karibu na mwenzake."

"Hapana!"

"Tazama. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani. Waya huu usingepitisha kitu." Akainua macho kutoka kwenye kitambaa. "Mimi nimekusamehe, Oktavia. Nilikusamehe nikiwa njiani kuja huku, ndiyo maana nilikasirika zaidi. Lakini kwenye benchi la mlangoni sirudi."

"Hata mimi mlango huo sina tena. Mkataba haukusainiwa."

"Umeachia kazi?"

"Nimesema ukweli, kazi ikaniachia. Anneth na wenzake saba wanauliza kama chumba cha viazi kinaweza kuwatosha."

Odilo alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. "Wanane? Na vifaranga wapya wa Mama Prisila wapo thelathini. Tutakanyagana."

"Basi waje kwa zamu. Nitafundisha maneno, wewe utafundisha mikono, na mlangoni tuandike majina mawili. Lako likae juu."

"Yakae sawasawa." Akakikunja kitambaa, akakitia ndani ya ovaroli, upande wa kifuani. "Na kwenu nimtume nani aende kuongea na wazee? Mimi hapa sina mjomba."

Oktavia alifuta uso kwa ncha ya skafu ya njano. "Mtume Mama Prisila. Anajua kuongea. Ila kwanza nifundishe tena. Kutoka mwanzo."

"Sema."

"Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani..." Akasita. Akamtazama machoni. "Bluu."

"Bluu," Odilo alisema. "Endelea, mpenzi."

Safari hii mtandao ulikuwa mzuri, alisikia.

Wao wamemaliza. Sasa wewe. Usikunje gazeti, usifunge kitabu, bado tupo ukumbini na soda yako ipo mkononi. Kuna mtu aliyekufanyia kazi ukaweka jina lako. Kuna aliyekufundisha ukamwita msaidizi. Kuna uliyemwona akitoka mlangoni akiwa na shati lililopigwa pasi mara mbili, ukanyamaza. Jina lake limekujia muda huu, na umejaribu kulisukuma. Simu uliyoiinamia siku ile, itoe. Usimwandikie ujumbe, piga, asikie unavyohangaika kutafuta maneno. Mwombe radhi. Halafu kesho nenda mbele ya watu walewale uliokaa kimya mbele yao, ulitamke jina lake lote, la kwanza na la ukoo, bila kuweka "tu" mwishoni.

Kesho ni ya watu wale. Simu ni ya sasa. Piga.